Sklodowskiti na Jamaa Zake: Silikati za Urani za Katanga

Wanafunzi wengi wa sekondari wamekwisha kusikia kuwa urani huchimbwa ardhini. Walio wachache ndio waliopata kuambiwa kuwa jiwe lenye urani laweza kuwa jeusi tititi mahali pamoja, na mita chache kutoka hapo likawa la njano kama unga wa binzari. Tofauti hiyo yatokana na kazi ya maji na hewa juu ya jiwe la asili, kazi iliyochukua muda mrefu sana. Mahali palipoionyesha kazi hiyo waziwazi kuliko karibu kwengine kote duniani ni Shinkolobwe, yapata kilomita 20 magharibi ya mji wa Likasi, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya machimboni kwa vizazi kadhaa.

Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Sharp, mtafutaji madini Mwingereza. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na mawe yakapelekwa Ubelgiji. Huko Alfred Schoep wa Chuo Kikuu cha Ghent aliyachunguza kwa darubini na kwa asidi, akakuta madini ambayo hayakuwa na majina. Mwaka 1921 alitoa jina la kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie, na la kasoliti, kutokana na Kasolo, jina la mahali hapo penyewe. Mwaka 1922 ikafuata soddiiti, kwa heshima ya Frederick Soddy, mwanakemia aliyeeleza isotopu. Mwaka 1924 ikaja sklodowskiti, iliyopewa jina la kizazi la Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw akiitwa Maria Skłodowska. Hivyo mume na mke wote wawili wana madini yao kutoka kilima kimoja cha Afrika. Kuriti, hata hivyo, ni oksidi, ambapo kasoliti, soddiiti na sklodowskiti ni silikati, na habari hii ni ya silikati.

Ili kuielewa sklodowskiti yapasa kuanza na jiwe jeusi lililoizaa. Uraniniti, UO₂, ndiyo madini makuu ya urani. Ni nyeusi, haipitishi nuru, na ni nzito mno: kipande chake chaweza kuwa na uzito mara 7 hadi 10 wa maji ya ujazo ule ule. Ndani yake urani ina valensi ya 4, na katika hali hiyo haiyeyuki kwa urahisi. Maji yasiyo na oksijeni hupita kando yake kwa mamilioni ya miaka bila ya kuchukua kitu cha maana. Lakini mmomonyoko unapoikaribisha kwenye uso wa ardhi, maji ya mvua yenye oksijeni huifikia kupitia nyufa za miamba. Urani hupokonywa elektroni mbili zaidi, valensi yake ikawa 6, na tabia yake ikabadilika kabisa.

Urani ya valensi 6 haikai peke yake. Hushikamana kwa nguvu na atomu mbili za oksijeni, moja upande huu na moja upande wa pili, zote tatu zikiwa katika mstari ulionyooka. Kikundi hicho, UO₂²⁺, huitwa uranili, nacho ndicho kinachotoa rangi ya njano katika madini mengi ya jamii hii. Uranili huyeyuka, na hasa katika maji yenye kaboneti huweza kusafiri mbali. Kama hakuna kitu cha kuikamata njiani, urani iliyotulia mahali pamoja kwa mamia ya mamilioni ya miaka itaondoka na maji ya kijito.

Kitu kimojawapo cha kuikamata ni silika. Maji yote ya ardhini yana silika kidogo iliyoyeyuka kutoka katika miamba. Silika hiyo ikikutana na uranili katika hali ya kufaa, hujengeka fuwele za njano, na urani ikarudi tena kuwa jiwe. Sklodowskiti ni mojawapo ya mawe hayo. Kanuni yake ni Mg(UO₂)₂(SiO₃OH)₂·6H₂O, na mwanafunzi mwenye jedwali la elementi ataona kwa hesabu kuwa zaidi ya nusu ya uzito wake, yaani asilimia 55 na ushei, ni urani.

Sifa zake za nje si ngumu kueleza. Rangi ni njano iliyopauka, kama ile ya ndimu mbivu. Fuwele zake aghalabu ni nyembamba mithili ya sindano, zikitawanyika kutoka kitovu kimoja kama nywele za brashi, au zikifanya utando wa unga juu ya mwamba. Zikiwa safi hupitisha nuru na kung'aa kama hariri. Uzito wake ni kama mara 3.6 ya uzito wa maji, zaidi kuliko jiwe la kawaida la mchanga lakini mbali sana na uraniniti. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko kati ya 2 na 3, yaani karibu na ukucha wa mtu. (Jaribio la ukucha lisifanywe juu ya jiwe hili, sababu yaja mbele.) Asidi huivunja: urani na magnesiamu huyeyuka, silika ikabaki.

Silikati hupangwaje? Kila mwalimu wa jiolojia anaujua mpango wa vitabuni. Katika silikati, atomu moja ya silikoni huzungukwa na atomu 4 za oksijeni, na umbo linalofanyika ni piramidi ndogo yenye nyuso nne za pembetatu. Mpango huuliza swali moja tu: piramidi hizo zimeungana vipi? Zikiwa mbalimbali, kila moja peke yake, jiwe huwekwa pamoja na ganeti na zirkoni. Zikishikana kuwa minyororo, ni kundi jingine. Zikishikana kuwa matabaka, hapo ndipo penye ulanga, ambao hubanduka karatasi kwa karatasi. Zikishikana pande zote, ni kwatsi na jamaa zake.

Kwa mpango huo sklodowskiti imewekwa katika kundi la kwanza, kwa kuwa piramidi zake za silikoni hazigusani. Yaani imekaa benchi moja na ganeti. Lakini ganeti ni ngumu kiasi cha kutengenezea msasa, ambapo sklodowskiti ni laini na hupasuka kwa urahisi katika upande mmoja, kama ulanga. Mwanafunzi akiuliza kwa nini jiwe la kundi la ganeti lina tabia za ulanga, swali lake ni zuri, na jibu ni kwamba mpango wa vitabuni hapa umeitazama sehemu ndogo ya jengo. Katika silikati hizi nguzo ni urani.

Jengo lenyewe liko hivi. Uranili imesimama kama mhimili, na kiunoni mwake imezungukwa na oksijeni 5 nyingine zilizojipanga katika pembetano. Pembetano hizo huungana ubavu kwa ubavu na kufanya mnyororo mrefu. Piramidi za silikoni hukaa baina ya mnyororo na mnyororo, kila moja ikishika huku na huku, hata minyororo mingi ikawa tabaka moja pana. Pembe moja ya kila piramidi hubaki huru, ikielekea nje ya tabaka, na katika sklodowskiti pembe hiyo imebeba haidrojeni. Juu ya tabaka hilo huja jingine, kisha jingine. Katika nafasi iliyo kati ya tabaka na tabaka hukaa magnesiamu pamoja na molekuli za maji, navyo ndivyo vinavyoyafunga matabaka pamoja. Vifungo hivyo ni dhaifu, na hapo ndipo jiwe linapopasukia.

Mwaka 1981 wanasayansi wawili wa Marekani, Stohl na Smith, walizipanga silikati za uranili kwa namna inayolifuata jengo hili. Walizingatia uwiano wa atomu za urani kwa atomu za silikoni. Uwiano ukiwa 2 kwa 1, ni soddiiti. Ukiwa 1 kwa 1, ni kundi kubwa la uranofani, ambamo sklodowskiti imo. Ukiwa 1 kwa 3, ni weeksiti na zinazofanana nayo. Mpango huu haukuufuta ule wa zamani, na vitabu vingi vingali vinazitaja silikati hizi katika kundi la piramidi zisizogusana. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kwa nini jiwe lina tabia fulani, huu wa pili wafaa zaidi.

Ndani ya kundi la uranofani tabaka ni karibu lile lile. Linalobadilika ni mgeni aliyekaa kati ya matabaka. Akiwa kalsiamu, jiwe ni uranofani yenyewe, iliyojulikana tangu mwaka 1853 kutoka machimbo ya Silesia. Akiwa potasiamu, ni boltwooditi. Akiwa magnesiamu, ni sklodowskiti. Akiwa shaba, ni kuprosklodowskiti, iliyoelezwa mwaka 1933 kutoka Kalongwe, katika Katanga hiyo hiyo. Na hapo rangi hugeuka kuwa kijani, kama itarajiwavyo palipo na shaba. Akiwa risasi, ni kasoliti, ambayo ni ngumu zaidi, ina rangi ya njano iliyoelekea kahawia, na uzito wake hufika kama mara 6 ya uzito wa maji.

Basi kuuliza jina la jiwe ni sawa na kuuliza maji yalipita wapi kabla ya kufika. Katika Shinkolobwe jibu lapatikana pale pale. Miamba iliyoizunguka uraniniti ni ya dolomiti, ambayo ni kaboneti ya kalsiamu na magnesiamu. Maji yaliyopenya dolomiti yalichukua magnesiamu, na ndiyo sababu sklodowskiti, ambayo katika nchi nyingine ni adimu, ilipatikana huko kwa wingi. Shaba haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa Katanga ni nchi ya shaba.

Lakini risasi ilitoka wapi? Jibu ni kuwa nyingi ilitoka katika urani yenyewe. Urani ni elementi nururifu, yaani atomu zake huvunjika zenyewe, moja moja, zikitoa mionzi. Na baada ya ngazi nyingi, kupitia radiamu, radoni, poloni na nyingine, mwisho wake ni risasi. Nusu-uhai wa urani ya kawaida, yenye uzito wa atomu 238, ni miaka milioni 4,470. Uraniniti ya Shinkolobwe ina umri wa miaka milioni 650 hivi. Gawanya 650 kwa 4,470, na jibu, yapata 0.145, ndiyo idadi ya nusu-uhai zilizokwisha kupita. Mwanafunzi akikokotoa 2 kwa kipeo cha −0.145 atapata takriban 0.90. Maana yake, katika kila atomu 100 za urani hiyo zilizokuwapo mwanzoni, kama 10 zimekwisha kuwa risasi. Risasi hiyo haina nafasi nzuri ndani ya fuwele ya uraniniti. Maji yalipoivunja uraniniti, risasi ilitolewa pamoja na urani, na viwili hivyo vikakutana tena katika kasoliti. Basi katika kipande cha kasoliti urani imelala pamoja na mabaki ya urani iliyotangulia kuvunjika. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huu wa kufundishia unururifu.

Hapa yafaa kuitaja silikati moja ya urani isiyokuwa ya ukoo huu, maana huwachanganya wengi. Kofiniti, USiO₄, nayo ina urani, silikoni na oksijeni, lakini urani yake ni ya valensi 4. Haina uranili wala matabaka. Jengo lake ni lile la zirkoni, rangi yake ni nyeusi, na uwekwaji wake katika kundi la piramidi zisizogusana ni wa haki kabisa. Ilielezwa katika miaka ya 1955 na 1956 kutoka Colorado, Marekani, katika mawe-mchanga yenye mabaki ya mimea ya kale. Mabaki hayo huila oksijeni iliyomo majini, urani ikarudi kwenye valensi ya 4 na kuganda. Mbuga za urani za namna ya mawe-mchanga ziko Afrika Mashariki pia: urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo kusini mwa Tanzania, imo katika mawe-mchanga ya Karoo. Kwa hiyo neno “silikati ya urani” peke yake halitoshi. La kwanza kuulizwa ni valensi.

Faida ya kuyajua haya yote haikomei katika makumbusho ya mawe. Fueli ya mitambo mingi ya nyuklia duniani hutengenezwa kwa UO₂, yaani kwa kemia ile ile ya uraniniti. Fueli hiyo ikiisha kutumika hubaki na mionzi mikali, na nchi zinazokusudia kuizika chini sana ya ardhi hazina budi kujibu swali hili: maji yakiifikia baada ya miaka elfu nyingi, urani itakwenda wapi? Hakuna maabara iwezayo kungoja muda huo. Shinkolobwe imekwisha kungoja.

Waliochunguza mawe ya Shinkolobwe kwa makini waliona kuwa madini ya njano hayakutokea kwa ghasia bali kwa zamu. Kwanza, karibu na uraniniti inayoharibika, hutokea oksidi zenye maji, mojawapo ikiwa schoepiti. Baadaye, kadiri maji yenye silika yanavyoendelea kupita, oksidi hizo huliwa na mahali pake pakashikwa na silikati: soddiiti, uranofani, sklodowskiti, kasoliti. Schoepiti ilipewa jina hilo kwa heshima ya Schoep mwenyewe, na kwa kichekesho cha tabia ya nchi ndiyo inayoondolewa na silikati zilizopewa majina naye.

Katika Maabara ya Taifa ya Argonne, Marekani, watafiti walidondosha maji yenye silika juu ya vipande vya UO₂ vyenye joto la sentigredi 90. Maji yalikuwa ya miamba ya Mlima Yucca, Nevada, ambako serikali ya Marekani ilikuwa ikikusudia kuzika fueli iliyotumika. Matokeo ya miaka 10 yalitolewa mwaka 1996. Kwanza ilitokea schoepiti, na baadaye zikaja soddiiti, boltwooditi, uranofani na sklodowskiti. Zamu ilikuwa ile ile ya Katanga. Kutokana na hayo twapata kipimo cha kuaminika zaidi cha kiasi cha urani kitakachobaki majini, kwa sababu silikati hizi huyeyuka kidogo kuliko oksidi zilizozitangulia. Hata hivyo si kufuli ya milele. Maji yenye asidi, au yenye kaboneti nyingi, huweza kuzivunja na kuirudisha urani safarini.

Imebaki sababu ya kutolikwaruza jiwe kwa ukucha. Urani yenyewe hutoa hasa mionzi ya alfa, ambayo ngozi huizuia. Lakini vumbi lake likivutwa au kumezwa, mionzi hiyo hufanya kazi yake ndani ya mwili, na urani ni sumu ya figo hata bila ya kuhesabu mionzi. Mionzi ya gama, inayopenya ukuta wa sanduku, hutoka zaidi katika watoto wa urani, hasa wale wanaoifuata radiamu. Hapo pana jambo la ajabu kidogo. Urani inapoondoka na maji, radiamu huweza kubaki nyuma. Kwa hiyo sklodowskiti changa huweza kutoa gama kidogo kuliko kipande cha uraniniti chenye urani sawa nayo, na mtu akaidhani salama. Vumbi lake, kwa kuwa jiwe ni laini, hutoka upesi zaidi.

Machimbo ya Shinkolobwe yalianza kwa kutafutwa radiamu, ambayo gramu yake moja hukaa na tani 3 hivi za urani. Katika Vita Kuu ya Pili mawe yake, mengine yenye asilimia 65 ya oksidi ya urani, yalipelekwa Marekani na kutumika katika mpango wa bomu la atomu. Mwaka 1960 machimbo yalifungwa na mashimo kuzibwa kwa zege. Lakini miamba hiyo ina kobalti pia, na katika miaka ya 1990 wachimbaji wadogo walirudi na sururu na magunia, wakachimba kobalti katikati ya mawe ya urani. Mwezi Januari 2004 amri ya Rais wa Kongo ilipiga marufuku uchimbaji huo. Mwezi Julai mwaka huo huo sehemu ya machimbo iliporomoka na kuua watu, na Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu kupachunguza. Katika miamba kama hiyo utando wa njano juu ya jiwe, au sindano za kijani, ni alama ambayo mchimbaji aweza kuijua kwa macho bila ya chombo chochote.

Shule iliyo na kipande cha madini haya katika kabati lake haina haja ya kukitupa ovyo, wala haifai kukipitisha mkono kwa mkono darasani. Kikae ndani ya kopo lenye kifuniko na alama ya mionzi, katika chumba kisichokaliwa na watu na kipitacho hewa, kwa kuwa gesi ya radoni hutoka humo mchana na usiku. Kabla ya kopo kufunguliwa madirisha yafunguliwe kwanza. Kipande hicho kisivunjwe wala kusagwa, na baada ya kukishika mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Jengo la matabaka laweza kufundishwa vizuri kwa kipande cha ulanga, ambacho hakina madhara na kila mwanafunzi aweza kukibandua kwa vidole vyake.